Sukari ya Chini ya Kaunta

Mwaka 2016, mwezi wa tano, dukani kwa mama pale Tandika kulikuwa na sukari ya aina mbili na zote zimetoka mfuko mmoja. Kuna sukari ya "imeisha mwanangu, jaribu kule kwa Mpemba", hiyo ni ya mtu asiyejulikana, na kuna sukari ya chini ya kaunta, nyuma ya dumu la mafuta ya taa, imefunikwa khanga iliyochoka, hiyo ni ya wateja wa daftari. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo, nasoma uchumi, nimerudi nyumbani wikiendi najiona nimeiva kweli kweli, nikamwambia mama hiki unachofanya kinaitwa kuficha bidhaa na serikali imeshasema bei ni 1,800. Mama hakubishana. Akanivutia stuli, akanikabidhi mizani na lile daftari, akasema haya baba, kaa hapo uuze kwa 1,800.

Nikakaa. Wa kwanza alikuwa mama ntilie wa pale kona, kachukua kilo tatu, 5,400, safi. Akaja mama mmoja kilo moja. Akaja kijana simjui, kavaa kandambili, anataka kilo kumi. Halafu akaja mwingine na bodaboda anauliza kama naweza kumpa mfuko mzima. Hapo hata mimi nikashtuka, maana mtu anayetaka mfuko mzima wa kilo 50 kwenye duka la uchochoroni Tandika siyo mnywaji wa chai, huyo ni mtu anayejua kwamba mtaa wa tatu kule inakwenda 2,800. Ndani ya saa moja na nusu nilikuwa nimeshageuka kuwa duka la jumla la walanguzi, na bi mkubwa wa nyumba ya nyuma, ambaye ananunua kwetu tangu mimi niko chekechea, alipokuja akakuta nusu kilo imebaki. Mama akachukua mizani yake kimya kimya.

Jioni ndo akanionyesha hesabu, na nakumbuka mpaka leo kwa sababu chuoni sikuwahi kuonyeshwa hesabu nzuri kama ile. Mfuko alinunua 120,000, yaani 2,400 kwa kilo kabla ya bajaji. Ukiuza 1,800 unapata 90,000, umepoteza 30,000 kwa kila mfuko unaouza kwa utiifu. Lakini siyo hivyo tu. Risiti ya mashine aliyopewa kule kwa muuza jumla ilikuwa imeandikwa bei ya serikali, hiyo tofauti kaitoa mkononi, haina karatasi, kwa hiyo mkaguzi akija mwenye kosa ni mama, siyo aliyemuuzia. Na juu ya hapo ili apewe mfuko mmoja wa sukari ilibidi achukue na katoni mbili za sabuni ya miche ya jina ambalo halitembei kabisa, zile sabuni tulizifulia sisi wenyewe mpaka mwaka uliofuata.

"Bei ni 1,800," mama akasema, "ila tofauti lazima mtu aile. Sasa wewe niambie, kaila nani?"

Mimi nimekuja kufanya kazi zinazohusiana na haya mambo, nimeshakaa kwenye semina za kila namna, hoteli, maji ya chupa, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, na kila nikiona bei imetangazwa kwa amri swali langu ni hilo hilo la mama. Sianzi na kujiuliza kama bei ni ya haki au siyo ya haki, hapo watu watabishana mpaka kesho asubuhi. Naanza na tofauti kati ya bei iliyotangazwa na bei ambayo watu wako tayari kuilipa, kwamba imekwenda wapi, maana kupotea haijapotea. Italipwa kwa foleni, italipwa kwa kujuana, italipwa kwa sabuni usiyoitaka, au italipwa kwa kipimo kupungua. Mama hakuwahi kupandisha kile kifuko cha sukari cha mia tano, kilibaki mia tano mwaka mzima, ila kama ungekipima ungecheka.

Sasa turudi nyuma kidogo, sukari iliadimika kwa nini? Februari 2016 Rais Magufuli alizuia kuagiza sukari nje bila kibali maalumu. Na nisiwe mnafiki, sababu ilikuwepo. Viwanda vya ndani, Kilombero, TPC kule Moshi, Mtibwa, Kagera, vilikuwa vinalia kwamba maghala yamejaa huku sukari ya nje inaingia kwa bei ya kutupa, nyingine imeingia kwa jina la sukari ya viwandani au ya kupita kwenda nchi jirani halafu inashukia Kariakoo. Kulinda viwanda siyo dhambi, nchi nyingi tu zimelinda vyao. Tatizo ni namba na kalenda. Namba ambazo serikali yenyewe ilikuwa inazitaja kipindi kile ni mahitaji kama tani 420,000 kwa mwaka na uzalishaji kama tani 320,000, kwa hiyo kuna tani 100,000 ambazo lazima zitoke mahali, na ukifunga mlango hazitazaliwa na uzalendo. Na kalenda ndo mbaya zaidi, maana kuanzia mwezi wa tatu masika ikishika miwa haivunwi, matrekta yanazama, viwanda vinazima mitambo kwa matengenezo. Yaani mlango umefungwa wiki chache kabla ya jiko kuzimwa, halafu mwezi wa sita mwanzoni Ramadhani inaingia, ambapo kila nyumba inataka uji, tambi na kaimati.

Alfred Marshall, yule mzee wa Cambridge wa karne ya 19, alikuwa anasema kuuliza kama bei inapangwa na dimandi au na saplai ni sawa na kuuliza karatasi imekatwa na ubavu upi wa mkasi. Mkasi una mbavu mbili bana. Sisi pale tulikuwa tumeubana ubavu wa saplai, ubavu wa dimandi unazidi kukaza kwa sababu ya mfungo, halafu tunaishangaa karatasi kwa nini imekatika.

Na sukari ina tabia yake. Kuna kitu kinaitwa unyumbufu, neno limekaa kama ugonjwa wa magoti ila maana yake ni nyepesi: bei ikipanda kidogo, watu wanapunguza kununua kwa kiasi gani? Nyanya zikipanda, mtu anaweka moja badala ya tatu au anaunga na ukwaju. Sukari haiko hivyo. Nyumba ya watu sita inayokunywa chai ya rangi asubuhi haiachi chai kwa sababu sukari imepanda mia tatu, itapunguza kijiko kidogo, italalamika, itanunua. Sasa kama watu hawapunguzi kirahisi, na mzigo sokoni umepungua kwa mfano asilimia kumi, bei itabidi ipande siyo asilimia kumi bali ishirini, thelathini, mpaka wapatikane watu wa kutosha waliosema basi, leo tunakunywa ya chumvi. Ndo maana upungufu ambao kwenye karatasi unaonekana mdogo, mtaani unaonekana kama njama.

Na njama zilitafutwa kweli. Mwezi ule wa tano rais mwenyewe alilisema hadharani, maghala yakakaguliwa, tani kwa tani zikakutwa zimelala, gazeti zikaandika wafichaji, wahujumu. Mimi sitetei wafichaji wote, wapo waliokuwa wanasubiri tu wananchi wakauke koo. Lakini ghala lenye sukari lenyewe siyo ushahidi wa kitu, maana ghala kazi yake ni hiyo. Mwenye mzigo anajiuliza wiki ijayo bei itakuwaje, akiona meli haziji na viwanda vimezima anaona bora abakize, na kama kila mtu angemwaga mzigo wote siku moja kwa 1,800, katikati ya Ramadhani kusingekuwa na punje. Kosa linaanza pale wenye maghala wanapokuwa wachache kiasi cha kuelewana kwa simu. Hapo ni somo jingine kabisa na nitalirudia chini, maana hilo ndo watu wa uchumi wa kitabuni wanalirukaga.

Mama alijua haya yote bila kitabu kwa sababu amekulia ndani yake. Alikuwa mtoto enzi za Tume ya Bei, ile iliyoanzishwa mwaka 1973 ikawa inapanga bei za bidhaa nchi nzima, na alikuwa msichana mwaka 1983 Sokoine, waziri mkuu wa wakati ule, alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Anasimulia foleni za mawe: unafika duka la ushirika saa kumi usiku, unaweka jiwe lako kwenye mstari, jiwe linakushikia nafasi wewe unarudi kulala. Kwamba mawe ya Watanzania yalikuwa yanapanga foleni yenyewe hiyo ni teknolojia ambayo sijaisoma popote. Khanga ilikuwa 'imeisha' lakini mke wa fulani anayo mpya. Neno ulanguzi lenyewe lilishamiri siku hizo, na mama anakwambia hakumbuki mlanguzi hata mmoja ambaye hakuwa anajuana na mtu wa ndani ya duka. Kwa hiyo ile khanga iliyofunika sukari mwaka 2016 haikuwa ubunifu wake, alikuwa anafanya alichofanyiwa, tofauti ni kwamba safari hii yuko upande wa ndani wa kaunta. Na alikuwa na kanuni yake: hapandishi sana kwa watu wa daftari, kwa sababu hao ndo watanunua sukari ikishuka. Faida yake ya mwezi huo aliiweka kwenye uaminifu. Kitabuni hiyo inabidi uchore grafu mbili na bado hujaimaliza.

Sasa kuna upande wa pili wa amri za bei, bei ya kuinua siyo ya kushusha, na huo nimeuona kwa mjomba wangu Newala.

Msimu wa korosho wa 2017/18 ulikuwa wa sherehe kule kusini. Mavuno yalipita tani 300,000, mnadani bei ikagonga 4,000 kwa kilo, watu wakanunua pikipiki, mabati, magodoro, stori nyingine za ajabu ajabu za soda kumwagiwa mbuzi mimi sijui kama ni kweli lakini Mtwara ukikaa utazisikia. Kwa hiyo msimu wa 2018 unaanza kila mkulima ana 4,000 kichwani. Mwezi wa kumi minada ikafunguliwa, wanunuzi wakaleta bei chini ya 3,000, wakulima wakagoma. Serikali ikasema chini ya 3,000 isinunuliwe. Wanunuzi wakanyamaza. Novemba rais akafanya maamuzi: mawaziri wawili nje, bodi ya korosho imevunjwa, serikali inanunua korosho zote kwa 3,300, na magari ya jeshi yakaenda kusomba mzigo. Mjomba alinipigia simu usiku ule anacheka mpaka anakohoa. "Mjomba, elfu tatu na mia tatu! Na wanajeshi wanabeba!"

Mimi nikafurahi naye, kweli nilifurahi, halafu baada ya kukata simu nikaanza kufikiria nani atanunua kutoka serikalini. Korosho ghafi ya Tanzania kwa sehemu kubwa inakwenda India na Vietnam kubanguliwa, na bei ya dunia mwaka ule ilikuwa imeshuka. Hatukuwa na uwezo wa kumlazimisha mbanguaji wa Vietnam alipe zaidi, maana ana wauzaji wengine. Silaha yetu moja kubwa ni msimu: sisi na Msumbiji tunavuna kuanzia Oktoba, Afrika Magharibi, Ivory Coast na wenzake, wanaanza kuvuna kama Februari. Kwa hiyo miezi hiyo michache viwanda vya India na Vietnam vinakuhitaji. Ukikaa na mzigo ghalani unasubiri bei mpaka Februari, umeitupa silaha yako mwenyewe chini, maana sasa mnunuzi ana korosho mpya za Abidjan mezani na wewe una za mwaka jana. Januari 2019 likasainiwa dili la kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja kutoka Kenya, mwezi wa tano dili likafutwa. Mzigo uko ghalani.

Huku chini kwa mjomba, 3,300 ilikuwa ni namba kwenye karatasi ya chama cha msingi cha ushirika. Kukawa na uhakiki. Shamba lako liko wapi, lina mikorosho mingapi, mbona kilo ni nyingi kuliko miti. Uhakiki ulikuwa unamtafuta kangomba, na hapa kwa msioijua korosho nieleze, kangomba ni mtu anayepita vijijini kabla ya msimu, mikorosho bado ina maua, anakupa hela mkononi, halafu ukivuna unampa korosho kwa bei mliyokubaliana, ndogo sana, na yeye anaziingiza kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kupeleka mzigo ghalani unapewa karatasi halafu unauzwa mnadani, kama zake. Serikali zote zimempiga vita kangomba. Mjomba wangu alikuwa amemuuzia mmoja mwezi wa nane, magunia mawili, kwa 1,200 kilo.

Nilimlaumu sana. Nikampigia hesabu kwenye simu, mjomba umechukua 1,200 kwa kitu cha 3,300, hiyo ni kama umekopa kwa riba ya asilimia 175! Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho kama anavyonisikilizaga, akasema, "Mjomba, mtoto anaripoti kidato cha kwanza Januari. Haripoti mwezi wa nne." Hela ya serikali kwa zile kilo nyingine ilimfikia mwezi wa nne.

Halafu kuna kitu ambacho nilikuja kukielewa baadaye na kiliniumbua. Yule kangomba, baada ya uhakiki, mzigo wake ulikwama, hakulipwa. Mjomba alishakula 1,200 zake zamani, sare imeshonwa, godoro limenunuliwa. Kwa hiyo ile tofauti kati ya 1,200 na 3,300 mimi niliihesabu yote kama riba ya kinyonyaji, kumbe sehemu ilikuwa bei ya hatari, kangomba alikuwa amenunua na ule uwezekano wa kutolipwa kabisa, na mwaka ule ukampata. Simwonei huruma, miaka mingine wanavuna vibaya mno. Lakini ukimfukuza kangomba bila kuweka mtu mwingine wa kumpa mkulima hela mwezi wa nane, hujafuta mkopo, umefuta sare ya shule.

Hili la mikopo Wakenya walilijaribu kitaifa. Septemba 2016 ilianza sheria ya kuzuia benki kutoza riba zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha benki kuu, ikawa kama asilimia 14 hivi kwa mwaka. Watu walishangilia, na mimi niliona ni haki maana benki zilikuwa zinachuma. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye ana kibanda cha vifaa vya simu Kayole, Nairobi, akaenda kukopa kwa hiyo riba ya bei poa, akazungushwa wiki sita akaambiwa hapana. Benki ilifikiri kama mama na mfuko wake: kama lazima niuze kwa bei hii, namuuzia nani? Namuuzia ninayemjua, mwenye mshahara, mwenye hati ya nyumba, au bora zaidi naikopesha serikali yenyewe nilale usingizi. Jamaa akaishia kwenye mikopo ya simu, ambapo mkopo wa M-Shwari wa siku thelathini ulikuwa unatozwa asilimia 7.5, kwa mwezi siyo kwa mwaka, na sheria haikuugusa kwa sababu ile wameiita ada, siyo riba. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Miaka mitatu yote hiyo, mtu mwenye mshahara alikopa rahisi na muuza kava za simu akalipia.

Watu wakisikia naongea hivi wananiambia kwa hiyo wewe unataka soko holela. Hapana, na hapa ndo nakwaruzana na wenzangu wa darasani. Bei ya mafuta Tanzania ina kikomo, EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na petroli iko vituoni. Kwa nini ile inafanya kazi na ya sukari haifanyi? Kwa sababu kikomo cha mafuta kina kanuni, kinafuata gharama ya mzigo uliofika bandarini, dola ikipanda kinapanda, ikishuka kinashuka, mwenye kituo anabaki na chake. Ni kikomo kinachotembea. Na siku kilipotembea kwa namna ambayo kampuni hazikuikubali tuliona, Agosti 2011, bei ilishushwa, kampuni zikagoma, vituo vikakauka, mimi nikiwa mwanafunzi nilitembea kutoka Temeke mpaka Mtoni kwa miguu huku petroli inauzwa kwenye chupa za maji. Kwa hiyo nakubali bei inaweza kusimamiwa. Ila ukiipigilia msumari wakati gharama inatembea, ubao utapasuka mahali.

Na kuna hali ambapo kikomo ni dawa kabisa, hata kitabuni. Kama muuzaji ni mmoja au wachache walioelewana, wao ndo wanaoshika koki, wanauza kidogo makusudi ili bei iwe juu. Ukimwambia bei mwisho hapa, hana tena sababu ya kubana, anaweza hata kuongeza mzigo. Kwa hiyo kabla ya kupanga bei inabidi ujue unashughulika na ugonjwa upi, kitu hakipo au kitu kipo ila kimebanwa. Dawa ya huyu inamuua yule.

Ndo maana ya sukari ya 2024 ilinisumbua kuliko ile ya kwanza. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 zilizamisha mashamba, miwa imesimama majini, viwanda havina cha kusaga. Huo ni ugonjwa wa kitu hakipo, hauna ubishi. Januari serikali ikaweka bei kikomo, rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kutegemea kanda, na mtaani ikapanda mpaka 4,000 na zaidi. Mpaka hapo ni picha ile ile. Lakini kulikuwa na kitu cha pili. Kwa utaratibu wa wakati ule vibali vya kuagiza sukari ya kuziba pengo walikuwa wanapewa wenye viwanda wenyewe, na serikali ikalalamika kwamba wamepewa vibali na mzigo hawakuuleta kwa wakati. Wenye viwanda nao walikuwa na maelezo yao. Mimi kwenye mabishano ya bungeni siingii, watu walitoana jasho kule, lakini hebu fikiria tu huo mpangilio: mtu ambaye anafaidika upungufu ukiwepo, ndiye umempa ufunguo wa kuumaliza. Hata kama ni malaika, umemuweka kwenye mtihani ambao hakuna sababu ya kumpa. Katikati ya 2024 sheria ikabadilishwa, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, NFRA, naye akaruhusiwa kuagiza na kuhifadhi sukari. Kwangu hiyo ilikuwa hatua ya maana kuliko bei kikomo yoyote, kwa sababu inagusa mzigo siyo kibao cha bei, ingawa kuna sehemu ya akili yangu inayouliza kama ufunguo umehama kutoka mfuko mmoja kwenda mfuko mwingine, na kwa nini zisichongwe funguo nyingi tu, kila mwenye meli aje na wake. Hoja ya kulinda viwanda naijua. Basi walindwe kwa ushuru unaojulikana mapema, mtu apige hesabu, siyo kwa kibali kinachotegemea mtu kaamkaje.

Machi ile Ramadhani ilianza tarehe 12. Mama alishafunga duka zamani, magoti, na sasa anaishi na sisi Kivule, ni mteja kama wateja wengine. Siku ya tatu ya mfungo sukari ikaisha nyumbani, nikatoka mimi, maduka manne, "hamna kaka", "mpaka kesho", "imeisha". Nikarudi mikono mitupu. Mama akajifunga mtandio, akaniambia nisimfuate, akaenda duka la yule kijana wa mtaa wa nyuma ambaye mimi nilikuwa nimetoka kwake dakika kumi zilizopita na akaniapia kwa Mungu wake.

Akarudi na kilo moja kwenye bahasha ya kaki. 4,500. Mkono wa pili kashika pakiti mbili za biskuti, zile kavu za tangawizi ambazo hakuna mtu kwetu anazila.

"Kanifunga na biskuti," akasema, huku anacheka hadi anashikilia mlango. "Mtoto mdogo yule, kanifunga na biskuti."

Akaweka maji ya uji jikoni.